Karamu ya Mavuno: Mapatano Kwanza, Nyimbo Baadaye

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la reli. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini zamu ya usiku.)



Tumeombwa kusema machache juu ya sikukuu za mavuno ya ngano, na juu ya mikate inayookwa nyumbani. Huenda wengine wamekwisha kunong'onezana, "Mikate ni mambo ya jikoni, imeingiaje katika chama cha wafanyi kazi?" Tunawaomba mtuvumilie. Mkate hauanzi jikoni. Huanza shambani, ukapita ghalani, ukapanda behewa, ukashuka kinuni, na kila mahali unapopita yuko mtu aliyeinama akatoka jasho. Sisi wa reli twaujua mkate tangu ungali gunia la ngano juu ya bega.

Neno letu leo ni moja tu. Sikukuu ya mavuno ni jambo jema, lakini wema wake twaupima kwa kuuliza: Aliyevuna amepata nini?

Tuanze na Kitabu, maana wengi wetu tulijifunzia kusoma humo, katika shule za misheni. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 23, Waisraeli wameagizwa kuhesabu majuma saba, kisha walete mikate miwili ya unga mwembamba, iliyotiwa chachu na kuokwa. Hiyo ndiyo Sikukuu ya Majuma, sikukuu ya mavuno ya ngano. Angalieni vizuri: mikate ile ilitoka katika makao ya watu wenyewe, haikutoka katika jumba la mfalme. Tena sura ile ile, mara tu baada ya kutaja sikukuu, inamwamuru mwenye shamba asivune pembeni kabisa mwa shamba lake, wala asirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ndiyo sababu Ruthu, mjane na mgeni, aliweza kuingia katika shamba la Boazi kuokota masuke tangu mavuno ya shayiri hata mavuno ya ngano.

Na katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, wametajwa watakaofurahi siku hiyo. Hawakutajwa bwana na watoto wake peke yao. Wametajwa pia mtumwa na mjakazi, mgeni, yatima na mjane. Basi tangu zamani sikukuu na haki ya maskini ziliandikwa pamoja, kama vyuma viwili vya njia moja ya reli. Ukiondoa kimoja, gari halifiki.

Sasa twende Uingereza. Sikukuu ya mavuno tunayoijua makanisani mwetu ililetwa na wamisheni waliotoka nchi hiyo, na ni vyema tujue ilikuwaje huko kabla haijafika kwetu.

Tangu zamani sana, kabla ya mwaka 1000, Waingereza walikuwa na siku yao ya tarehe 1 Agosti iitwayo Lammas. Maana ya jina hilo ni Misa ya Mkate. Watu walioka mkate kwa ngano mpya ya kwanza, wakaupeleka kanisani ubarikiwe.

Baada ya hapo kazi kubwa ilianza. Katika majimbo ya mashariki, kama Norfolk na Suffolk, wavunaji walikuwa na desturi ambayo kila mwanachama anapaswa kuijua. Kabla mundu haujagusa suke hata moja, walikutana wakamchagua mwenzao mmoja, mtu hodari wa kazi na mwenye kujua kusema, wakamwita Bwana wa Mavuno. Msidhani alikuwa mwenye shamba. La! Alikuwa kibarua kama wao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwendea tajiri na kupatana naye: mavuno yote yatalipwa kiasi gani, watu wangapi watafanya kazi, na watapewa pombe kiasi gani. Mapatano yalipokwisha, ndipo aliposhika chombo chake akatangulia mbele, na wenzake wakamfuata kwa safu, wakienda kwa mwendo wake. Yeye ndiye aliyesema, sasa tupumzike. Na mtu aliyekosa adabu kazini alitozwa faini na wenzake wenyewe, bila kungoja nyapara.

Ndugu, mtu huyo twamjua. Siku hizi twamwita mjumbe wa wafanyi kazi. Kumbe watu wa shamba walikuwa naye kabla ya chama chao kuandikwa katika daftari lo lote.

Fedha za mavuno zilikuwa nyingi kuliko mshahara wa majuma mengine. Kwa fedha hizo kibarua alilipa kodi ya nyumba, na watoto wakapata viatu kabla ya baridi. Gari la mwisho lilipoingia kutoka shambani, limepambwa kwa matawi na maua, ndipo karamu ilipofanywa. Watu wa Suffolk na Norfolk waliiita horkey. Mwenye shamba na vibarua wake waliketi pamoja, nyama ikaliwa, mkate ukakatwa, pombe ikanywewa, nyimbo zikaimbwa. Karamu hiyo haikuwa sadaka ya tajiri. Watu waliihesabu kuwa sehemu ya malipo yao, nao walijua wameifanyia kazi.

Mama na watoto nao walikuwa na mavuno yao, yaani kuokota masuke yaliyobaki. Mwenye shamba aliacha mganda mmoja umesimama peke yake. Maadamu mganda ule upo, hakuna ruhusa ya kuingia. Ukiondolewa, mlango umefunguka. Katika vijiji vingi ilipigwa kengele asubuhi na jioni, ili wote waanze pamoja na kuacha pamoja, mwenye mtoto mgongoni asipitwe na mwenye miguu mepesi. Ngano waliyookota walipeleka kinuni, na unga wake ukalisha nyumba majuma mengi. Mkate uliookwa kwa unga huo ulikuwa mkate wa nyumbani hasa, maana mama aliuokota, akaukanda, akauoka, akawagawia watoto.

Lakini mambo hayakukaa hivyo. Mwaka 1788 mama mmoja wa Timworth katika Suffolk, jina lake Mary Houghton, alishitakiwa kwa kuingia shambani kuokota masuke. Majaji wakasema kwamba kuokota si haki ya maskini kwa sheria ya nchi. Mama wengi waliendelea kuokota kwa desturi, lakini jambo lililokuwa haki sasa lilitegemea moyo wa mwenye shamba. Mwaka 1815 ikatungwa sheria ya kuzuia ngano ya nchi za nje isiingie mpaka bei ya ngano ya nyumbani iwe juu sana. Wenye mashamba walifurahi. Mnunuzi wa mkate aliumia. Sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1846.

Katika miaka hiyo, kijijini Tolpuddle katika jimbo la Dorset, mshahara wa kibarua wa shamba ulikuwa shilingi 9 kwa juma. Ukapunguzwa mpaka 8, kisha mpaka 7, na ikasemwa utakuwa 6. Watu wakaungana katika chama, mmoja wa viongozi wao akiwa George Loveless, mhubiri wa Kimethodisti. Mwezi wa Machi 1834 watu sita walihukumiwa miaka saba ya kupelekwa mbali, huko Australia. Hawakuiba, wala hawakumpiga mtu. Kosa walilosomewa lilikuwa kula kiapo cha siri. Wafanyi kazi wa Uingereza hawakunyamaza. Waliandamana London kwa maelfu, wakapeleka maombi, na mwaka 1836 watu wale wakasamehewa. Hata leo watu wa vyama hukutana Tolpuddle kila mwaka, mwezi wa Julai, kuwakumbuka kwa bendera na nyimbo.

Sasa tazameni mwaka 1843, miaka tisa tu baada ya hukumu ile. Kasisi Robert Hawker wa Morwenstow, katika jimbo la Cornwall, aliwaita watu wa mtaa wake kanisani kumshukuru Mungu kwa mavuno. Alitaka mkate wa ushirika uokwe kwa ngano mpya, kama siku za Lammas. Jambo hilo liliwapendeza watu, likaenea makanisa mengi: masuke madirishani, maboga mlangoni, nyimbo za shukrani. Hatumlaumu kasisi huyo hata kidogo. Kushukuru ni wajibu, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi.

Ila katika miaka iliyofuata, karamu ya zamani ya shambani ilififia. Wenye mashamba wengine waliwapa vibarua fedha kidogo badala ya karamu. Wengine waliona ya kanisani yatosha. Mashine nazo zikaanza kuvuna. Bwana wa Mavuno akapungua, kwa kuwa hapakuwa tena na safu ya kuongoza wala mapatano ya kufanya. Zikabaki nyimbo.

Upo mkate wa sikukuu hiyo ambao waokaji wa Uingereza huufanya mpaka sasa. Huuumba kama mganda wa ngano, na suke moja moja hukatwa kwa mkasi, na mara nyingi huwekwa panya mdogo wa unga akipanda juu ya mabua. Ni kazi ya fundi kweli kweli. Lakini mkate wa namna hiyo huokwa mgumu mkavu, ukae siku nyingi mbele ya watu. Ni wa kutazamwa, si wa kuliwa. Sisi hatuukatai uzuri wake. Twasema tu, heri mtu asiyeusahau ule mwingine, wa kuliwa.

Vibarua wa Uingereza hawakuusahau. Tarehe 7 Februari 1872, huko Wellesbourne katika Warwickshire, walikusanyika gizani chini ya mti mkubwa kumsikiliza Joseph Arch, fundi wa kukata ua wa mashamba, naye pia mhubiri. Mwaka ule ule kikaundwa chama chao cha nchi nzima. Mwaka 1885 Arch akachaguliwa kuingia Bunge. Waliyataka yale yale ya Bwana wa Mavuno: tupatane kwanza, ndipo tuvune, ndipo tuimbe.

Turudi kwetu. Katika nyanda za juu za Kenya ngano ya biashara ilianzishwa na walowezi. Lord Delamere aliipanda Njoro katika miaka ya mwanzo ya 1900, ugonjwa wa kutu ukaila. Mwaka 1908 ilianzishwa kampuni ya kusaga, Unga Limited, na mwaka 1927 kikaanzishwa kituo cha Njoro cha kutafuta mbegu zinazoweza kushindana na kutu. Reli ilikuwa imekwisha kufika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1924 njia ya Uasin Gishu ikafika Eldoret. Wazee wetu walioitandika, na wazee wetu waliokata, waliopura na kupakia ngano ile, posho yao ilikuwa unga wa mahindi. Wengi waliubeba mkate miaka mingi bila kuuonja.

Sasa ngano yalimwa Narok, Nakuru na Uasin Gishu, kombaini moja hufanya kazi ya watu wengi, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya huletwa kwa meli mpaka Mombasa. Kwa hiyo ndani ya mkate wa chai ya asubuhi mna jasho la watu wa nchi nyingi ambao hatutawaona kamwe. Ni sababu nyingine ya kuuliza juu yao.

Tena tusiwalaumu wa mbali tu. Tutawaambia jambo la kwetu wenyewe. Mwaka mmoja, siku ya shukrani ya mavuno katika kanisa letu, watu walileta mahindi, maharagwe, kuku, na mikate ya nyumbani. Mama mmoja, mjane wa mtu wa gengi, alileta mkate aliouoka kwa sufuria na makaa. Ulikuwa mkubwa, umeumuka vizuri, rangi yake kama udongo wa Nandi baada ya mvua. Ulipofika wakati wa mnada, watu wakubwa walishindana. Bei ikapanda, sisi tukapiga makofi, mpaka bwana mmoja akaununua kwa fedha ambazo mama yule hazipati kwa juma zima la kuuza mandazi. Mwenye kununua akashangiliwa, jina lake likaandikwa. Jina la aliyeoka halikutajwa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mtoto wake mdogo akamwuliza, "Mama, ule mkate wetu umekwenda wapi?"

Mama akajibu, "Umekwenda kwa Mungu, mwanangu."

Mtoto akafikiri, kisha akauliza, "Na yule bwana aliyeubeba garini, ndiye Mungu?"

Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka, maana tuliona hatuna jibu. Tulijua kwamba unga wa mkate ule ulitoka katika akiba ya nyumba, na watoto walikuwa wamekunywa chai kavu asubuhi ile. Nasi tulikuwa tumepiga makofi.

Mwaka uliofuata tulizungumza na wazee wa kanisa, kwa heshima, nao wakakubali. Kila aliyeoka alioka mikate miwili. Mmoja uliingia mnadani kama kawaida. Wa pili ulikatwa pale pale, watoto wote wakala kwanza, wa mwenye gari na wa mjane pamoja. Na kabla ya mnada kuanza, jina la mwokaji likasomwa. Walioweza walichanga unga kwa ajili ya wasioweza. Mapato ya kanisa hayakupungua. Twafikiri hata makuhani wa zamani, waliopokea mikate miwili, wangalikubali.

Kwa ajili ya wasio na tanuri, mama huyo ametupa ruhusa tueleze namna yake. Chukua unga wa ngano vikombe 4, hamira kavu vijiko vidogo 2, sukari kijiko kikubwa 1, chumvi kijiko kidogo 1, na mafuta vijiko vikubwa 2. Tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja na nusu. Maji ya moto yataiua hamira. Kanda kwa dakika 10 mpaka unga uwe laini wala usishike mikono. Funika, uache mahali pa joto karibu saa moja, mpaka uumuke mara mbili. Ukande tena kidogo, uuweke katika sufuria iliyopakwa mafuta, uache nusu saa. Kisha funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwa maana moto wa chini ndio unaounguza. Baada ya dakika 40 hivi uutoe, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma tupu, umeiva. Na ninyi akina baba, kukanda unga si kazi ngumu kuliko kukaza boliti za reli. Jaribuni.

Sasa tumalize kwa mambo matatu, ambayo twaomba tawi liyafikirie.

La kwanza, karamu yo yote itakayofanywa na tajiri kwa ajili ya wafanyi kazi, iwe ya mavuno au ya mwisho wa mwaka, tuipokee kwa adabu, lakini isiwe badala ya mapatano. Mtu aliyeshiba siku moja aweza kusahau kwamba ana siku nyingine 364 za kula.

La pili, katika karamu zetu wenyewe tusiwe kama wale tunaowalaumu. Aliyepika atajwe, aliyefagia atajwe, na mtoto wa asiye na kitu ale kabla ya mgeni wa heshima.

La tatu, tumchague Bwana wa Mavuno wetu kwa akili. Wale wa Suffolk hawakumchagua mwenye sauti kubwa peke yake. Walimchagua yule aliyeweza kupatana na tajiri asubuhi, na jua likipanda akaweza kushika safu ya mbele. Mjumbe asiyejua kazi hawezi kuisemea.

Ndugu, mavuno yatakuja tena, na makanisa yatapambwa tena. Twendeni, tuimbe kwa sauti zote, maana Mungu ndiye aletaye mvua. Lakini tukiisha kuimba, tutazame meza, tuhesabu walioketi, kisha tutazame mlangoni kama yuko mvunaji aliyeachwa nje. Akiwapo, karamu bado haijaanza.